Karani Aliyechoma Daftari

Aliutambua mshono kabla hajamtambua mtu. Ulikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na moja, kona ya chini, ndani ya picha ndogo kama kadi ya posta: mwanamume amekaa kitini mlangoni mwa jengo, daftari mapajani, na kwenye kiwiko cha kushoto cha sweta lake kuna kiraka cha sufu ya rangi nyingine, kimeshikwa kwa mishono mirefu inayokwenda upogo. Hakuna fundi mzima anayeshona hivyo. Hushona hivyo mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshika sindano nene kwa mara ya kwanza, mama yake akiwa kazini, akitaka kumfurahisha baba.

Pindo alikifunga kitabu, akakifungua tena. Jina hilo alikuwa amepewa na wenzake wa chumba cha maleba, kwa kuwa vazi halikutoka mikononi mwake kabla hajaligeuza nje ndani na kulikagua pindo.

"Umejichoma?" aliuliza mpiga pasi bila kuinua macho.

"Hapana. Nimeona mtu ninayemjua."

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya picha iitwayo Ghorofa ya Tatu, na mchoraji wake alikuwa amevuma ghafla miaka miwili iliyopita. Kilisimulia mji wa siku zijazo ambamo kila jengo lina karani wake, na kila karani ana daftari la kuandika nani amemtembelea nani, saa ngapi, na ameondoka na uso gani. Kurasa mia na arobaini, na hamna askari hata mmoja. Hamna mtawala, hamna mnara, hamna bunduki. Waliomo ni watu wa kandambili na masweta, wanaosalimiana vizuri ngazini, wanaoazimana chumvi, na ikifika Ijumaa wanaandikana. Sasa kitabu kilikuwa kinageuzwa filamu, na kazi ya Pindo ilikuwa kuwavisha watu wake.

Mchana wa siku hiyo mwongozaji aliingia kwa mwendo wake wa mtu anayefukuzwa na saa.

"Mama Pindo, sare mia mbili. Za kijivu. Kola ngumu mpaka kidevuni. Na buti."

"Za nani? Kwenye kitabu hamna askari."

"Kitabu ni kitabu." Aliketi juu ya meza ya kukatia, akaisogeza chaki yake bila ruhusa. "Kitabu mtu anasoma peke yake, anaweza kuvumilia. Ukumbini wamekaa watu mia tatu, wengine wamekuja na wachumba. Wanataka wa kumchukia. Na jirani, mama, huwezi kumchukia saa mbili nzima. Saa moja tu ikipita unaanza kumwonea huruma."

"Kwa hiyo mnaleta jeshi."

"Jeshi, mnara, na Mkuu mwenye mkono wa chuma. Fikiria hivi: tukiweka sweta, wabaya ni sisi. Tukiweka buti, wabaya ni wao. Nani atakata tiketi akajitazame mwenyewe?"

Pindo alikunja utepe wake wa kupimia, akaukunjua. "Na karani je?"

"Ah, karani!" Uso wa mwongozaji ulichanua. "Huyo tumempenda, tumempandisha cheo. Kwetu sisi anajifanya anaandika, kumbe roho yake iko na wananchi. Mwishoni analichoma daftari mbele ya jengo zima. Yule mama wa ghorofa ya tatu aliyechukuliwa anaachiwa, anapanda ngazi, anamkumbatia mwanawe. Watu watalia mpaka waazimane leso."

Alipotoka, Pindo alihisi kitu kikilegea kifuani mwake, kama kibwebwe kinachofunguliwa baada ya kazi ya kutwa. Baba yake alikuwa amesamehewa, na aliyemsamehe hakujua hata kwamba alikuwapo mtu wa kusamehewa. Alichukua kitambaa cha kijivu akaanza kukata. Hata hivyo mkasi ule, uliozoea kwenda moja kwa moja kama treni, siku hiyo ulisimama kila hatua.

*

Nyumbani, baba yake alikuwa amekaa karibu na redio, ameiegemezea sikio lile moja linalosikia. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuvuja kama gunia lililotobolewa na panya: punje moja leo, konzi kesho. Wazee waliobaki wa mtaa wa zamani bado walimwita Karani, naye bado aliitika.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkaa Pindo kooni miaka yote. Alikuwa baba asiyepiga, asiyelewa, mwenye peremende mfukoni kwa kila mtoto wa jengo. Miaka ile ya madaftari, kila jengo lilipotakiwa kuandika wageni wake, alipewa kiti na kalamu akaambiwa aandike, naye akaandika kwa mwandiko mzuri. "Sikuandika uongo hata siku moja," alikuwa akisema, na ilikuwa kweli. Aliandika kwamba mama wa ghorofa ya tatu alipata wageni wanne Jumanne, wanne tena Alhamisi, na kwamba walitoka mmoja mmoja. Yote yalikuwa kweli tupu. Wiki iliyofuata walikuja mabwana wawili wapole wakamwomba yule mama ashuke dakika moja aweke sahihi mahali. Alishuka na kandambili, sufuria akaiacha motoni. Ilipoungua ndipo jengo lote lilipojua kwamba dakika moja imepita.

"Unashona nini siku hizi?" baba aliuliza.

"Nguo za filamu."

"Ya mapenzi?"

"Ya majirani."

"Hiyo itachosha," alisema baba, akairudia redio yake.

Wiki hizo Pindo hakutulia. Alifuta vilivyofutwa. Alipanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha akavichanganya vyote. Sweta la karani alilifuma mwenyewe, hakumpa mtu, na kiraka cha kiwiko alikishona mara tatu: kwanza upogo kama kilivyokuwa, akafumua, kisha upogo nusu, akafumua, mwisho akakishona mshono ulionyooka, mzuri, wa fundi. Mwongozaji alipoliona alisema, "Safi sana." Pindo akaona haya, asijue ni kwa sababu gani.

*

Wiki ya tatu, saa nane mchana, mtu alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Alikuwa mwembamba, masharubu yameingia mvi, begani mkoba wa turubai. Alisimama kizingitini bila kuegemea kitu, kama mtu aliyefundishwa mapema kutogusa milango ya watu.

"Nimekuja kuona wanangu wamevishwa nini," alisema.

Pindo alimjua kwa kusimama kwake tu. Mara ya mwisho kumwona, mtu huyu alikuwa na miaka tisa na alikaa ghorofa mbili juu ya kwao. Mpiga pasi alikuwa ametoka kwenda kula. Chumbani walibaki wao wawili na safu za suruali zilizoning'inia bila watu ndani.

"Karibu, ndugu yangu."

"Bado unashona, dada."

"Bado. Na wewe bado unatazama."

Mchoraji alipita kati ya sare, akizigusa kola moja moja. "Ngapi hizi?"

"Mia mbili na sita. Wengine wanapasua suruali wakikimbia."

"Na mimi sikuchora hata moja." Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

"Kwa nini ulikubali?"

"Nilichoka kukaa nacho peke yangu. Nilidhani wakikichukua nitapata usingizi." Aliiacha kola. "Wamenitendea jambo la ajabu. Hawajanitukana, hawajaficha kwamba watu waliteseka. Wameongeza hata mateso. Ila wameyavisha buti. Mwenye buti unamsikia akija, dada, unavuka barabara. Lau angekuwa mwenye buti ndiye aliyenichukulia mama, ningekuwa nimepona zamani. Mimi aliyeniandikia mama alikuwa akinipa peremende."

Pindo alitazama mikono yake. "Ule mshono umeuchora kama ulivyokuwa."

"Mtoto anaona viwiko. Ndivyo vilivyo usawa wa macho yake." Akaongeza polepole, "Nilimchora kila mtu wa jengo letu, isipokuwa mmoja. Kuna ukurasa niliuchora mara tano, na mara tano nikauchana. Ulikuwa na msichana ndani yake. Nikasema, watoto niwaache."

Hakumtazama aliposema hivyo, na kutotazama kwake kulikuwa kama kidole kilichonyooshwa.

Pindo aliujua ukurasa huo. Mama yake yule mtoto alipochukuliwa, mtoto alishuka kula kwao siku tatu. Siku ya nne, mama yake Pindo alimwita binti yake jikoni akamnong'oneza: nenda kamwambie asishuke kwanza, mpaka mambo yapoe, watu wanatazama. Pindo alipanda ngazi. Mlango ulifunguliwa kabla hajaugusa, kwa sababu mtoto aliyekuwa ndani alikuwa akisikiliza nyayo. Alimpa ujumbe kama alivyotumwa, neno kwa neno. Kisha akaongeza, "Na usije ukagonga." Hilo la mwisho hakutumwa.

"Siku ile," alianza.

Mpiga pasi aliingia akiimba, chupa ya maji mkononi, akauliza nani amezima pasi yake. Mchoraji alikuwa amekwisha kuuweka mkoba wake sawa begani.

"Shona vizuri, dada," alisema. "Wanaopigwa na sare hizi wapigwe na kitu kilichoshonwa vizuri."

Ulikuwa mzaha, na mpiga pasi alicheka sana.

*

Filamu ilipokamilika, kampuni iliwaandalia wafanyakazi na jamaa zao onyesho la mchana, Jumamosi. Pindo alimpeleka baba yake. Hakumweleza lolote, alijiambia kwamba mzee anahitaji kutoka, apunge hewa. Ukumbini mzee alilalamika kwamba viti ni laini mno, kwamba picha ni kubwa mno, kwamba huyo Mkuu mwenye mkono wa chuma atajikunaje. Halafu akaonekana karani, na baba akaacha kulalamika.

Karani wa filamu alikuwa mwigizaji mzuri, mwenye macho ya huzuni na mabega ya mtu anayebeba siri. Aliandika huku akifumba macho. Mnara ulipotikisika, alishuka uani, akaliinua daftari juu ya kichwa chake, akawasha kiberiti. Baba alimshika Pindo kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo binti hakudhani bado anayo. Kurasa ziliwaka, watu wakaimba, na yule mama akapanda ngazi moja moja hadi mikononi mwa mwanawe. Ukumbi ulisimama kwa makofi. Mzee alikuwa akilia kama mtu aliyeletewa barua iliyopotea njiani miaka hamsini.

Mlangoni alimgusa bega kijana anayekata tiketi. "Yule ni mimi," alisema.

Pindo alicheka. Alicheka kwa sababu kijana naye alicheka.

Lakini Jumatatu baba alimwambia kinyozi. Jumanne alimwambia muuza dawa. Na kila aliposimulia aliuongezea moto kuni: kwanza kilikuwa kiberiti kimoja, kisha mafuta ya taa, na ilipofika Alhamisi majivu yalikuwa yameangukia hadi mtaa wa tatu na mbwa wa mtaa huo wamebweka. Hamu ya chakula ilimrudia. Akawa anaoga mapema, anavaa tai. Mkazamwana wa jirani alimwambia Pindo kwenye kamba ya nguo, "Hukutuambia kwamba mmekaa na shujaa!" Pindo alitafuta neno la kujibu akapata kibanio cha nguo.

Amwache? Alijiuliza swali hilo akichuja chai, akipanga foleni, akichomeka uzi kwenye tundu la sindano. Mzee amebakiza siku za kuhesabika. Anayeumia ni nani akizimaliza na uongo mzuri ambao si yeye aliyeutunga? Kila alipokaribia kujijibu kwamba hakuna anayeumia, alimwona mtu amesimama kizingitini bila kuegemea.

Habari hazikai. Kinyozi alimnyoa mtu wa kampuni, na siku ya pili dada wa matangazo alipiga simu, sauti yake inaruka kama popcorn.

"Mama Pindo, mbona ulituficha? Karani wa kweli yupo! Tutakuja tumpige picha azungumze kidogo, halafu Jumamosi kwenye uzinduzi tunampandisha jukwaani na mchoraji. Watakumbatiana. Unapata picha?"

Pindo aliipata. Alisema, "Tutaona," neno ambalo mwenye haraka husikia kama ndiyo.

*

Walikuja saa nne asubuhi: dada wa matangazo, kamera yake na taa moja ya miguu mitatu iliyoegeshwa kando ya redio. Baba alikuwa ameshaketi, tai imenyooka, mikono juu ya magoti. Pindo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia ya vikombe.

"Tuanze, mzee wetu. Siku ile uliogopa?"

"Mwenye haki haogopi," baba alisema. "Nilishuka nalo uani. Nililimwagia mafuta. Nikawaambia, haya, leo hakuna wa kuandikwa tena."

"Na yule mama?"

"Alirudi. Nilimwona kwa macho yangu haya akipanda ngazi. Mtoto wake akamrukia hapa, shingoni."

"Hakurudi, Baba."

Pindo aliisikia sauti hiyo kama ya mtu mwingine. Aliiweka sinia chini.

"Hakurudi. Na daftari hukulichoma. Ulimkabidhi yule bwana aliyekuwa akija kulichukua kila Ijumaa, ukamwazima na kalamu."

Dada wa matangazo alishusha kamera kidogo. "Hii tunaweza kuikata, mama, usiwe na wasiwasi."

"Ikate yote."

"Lakini kuna ubaya gani? Mzee ana furaha. Watu wana furaha."

"Jumamosi mnataka kumpandisha mtu jukwaani amkumbatie baba yangu kwa kumrudishia mama yake. Mmemwuliza mtu huyo mama yake yuko wapi?"

Dada aliizima kamera. Hakuwa mjinga, alikuwa kijana tu, na kazi yake ilikuwa furaha. Aliikunja taa mguu mmoja baada ya mwingine, akaaga kwa adabu, na mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikisoma kile kitabu. Nilidhani ni cha kubuni." Kisha akashuka.

Baba hakuwa amesogea.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," alisema.

"Nimekuvua isiyo yako, Baba."

Aliinuka kwa kushika kiti, meza, ukuta, akaingia chumbani kwake. Saa saba Pindo alimpelekea chakula. Saa nane alikirudisha kama kilivyokwenda. Redio ilikuwa kimya. Alijaribu kushona, akajikuta anafumua. Alijaribu kufumua, akakata kitambaa. Mara mbili alisimama mbele ya mlango wa chumba, ngumi imeinuliwa kugonga, na mara mbili ngumi ilimshinda. Alifikiri: nimemnyang'anya mzee blanketi, na baridi hii si yake peke yake.

Saa kumi baba alitoka. Tai ilikuwa imevuliwa, shati limefunguliwa kifungo cha juu. Aliketi kwenye kiti chake bila kuiwasha redio, akautazama mwanga wa jioni uliokuwa ukitambaa juu ya sakafu.

"Yule mtoto," alisema.

"Yupi, Baba?"

"Wa juu. Alikuwa akikaa hapo ngazini anachora kwa mkaa. Nilimkataza asichafue ukuta." Paji lake lilikunjamana kama la mtu anayesoma mwandiko uliofifia. "Kama mama yake hakurudi, alikuwa akila kwa nani?"

Pindo aliweka sindano chini.

"Kwetu," alisema. "Siku tatu."

"Ah." Mabega ya mzee yalishuka. "Kwetu. Vizuri." Alitikisa kichwa mara kadhaa, akiridhika, na Pindo aliona kwamba angeweza kuliacha jambo hapo, lipoe, liwe kweli nyingine ndogo isiyo na uongo ndani yake. Hapo nje mtu alikuwa akiburuta kitu kizito ngazini, anapumzika, anaburuta tena.

Baba aligeuza uso.

"Na siku ya nne?"

Angeweza kumtaja mama yake, ambaye alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita na asingebisha. Angeweza kuyataja madaftari, na miaka ile, na watu waliokuwa wakitazama. Alivuta kiti akaketi mbele ya baba yake, karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Siku ya nne," alisema, "nilipanda ngazi."